Kahawa ya Abla Ilham

Ilianza Jumatatu, saa kumi na robo, Alasiri imeshaswaliwa na chai bado haijatoka jikoni. Kengele ya mlango ililia mara moja tu, kwa adabu, na mimi nikakimbilia nyuma ya pazia la korido kama nilivyokuwa nikifanya kila akija mgeni. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na sita na hakuna kitu nilichokiogopa kuliko kuulizwa na wewe unasoma darasa la ngapi. Nikachungulia. Alikuwa Abla Ilham, mwalimu wangu wa kemia. Abla ndivyo tunavyowaita walimu wa kike skuli, na abla haji nyumbani kwa mwanafunzi ila kuna jambo. Nikadhani nimefeli. Nikaanza kuhesabia kichwani makosa ya mtihani wa wiki iliyopita. Laiti ingekuwa hilo.

Naandika haya kwa sababu Bibi amefariki, na kwa sababu ya jambo lililotokea siku ya tatu ya matanga yake. Sasa nna miaka kumi na tisa, napokea simu katika kliniki ya meno hapa hapa Al Khuwair, mjini Maskat, na watu huniambia nimechangamka, maana kwenye simu hawanioni uso. Tangu utotoni nna mazoea ya kuandika kila jioni yaliyopita mchana. Juzi nilikwenda kutafuta niliandika nini Jumatatu ile. Niliandika kuwa mkate wa kumimina uliungua chini na Mama akaukwangua kwa kisu. Niliandika kuwa nywele zangu zimekataa kukaa. Juu ya Abla Ilham sikuandika hata neno moja. Nilikuwa nimeshaanza kumkana siku ile ile, kalamu mkononi.

Mwaka ule kwetu tulikula chakula cha mchana kwa kusikiliza kimya cha Baba. Baba ni mkalimani wa serikali. Katika hoteli moja ya Qurum, ile sehemu ya pwani ambako mtu hendi kwa miguu, wajumbe wa nchi za nje walikuwa wanakutana na wanajeshi walioshika nchi ya Abla Ilham. Nchi yenyewe siitaji. Abla ameniomba nisiitaje, ana dada zake bado wapo kule. Hapa kwetu ndipo huletwa watu wasiosalimiana wakakalishwa chumba kimoja, na Baba ndiye aliyekaa katikati yao akiwapokezana maneno. Kwenye televisheni tulisikia kuwa wageni wale wameshawafungia wakubwa wa jeshi fedha zao, wamekataa kuwauzia vipuri vya ndege, na watoto wao wamenyimwa viza za kwenda kusoma. Sasa wanawaambia waachieni mliowakamata, acheni kuwapiga watu barabarani, kisha tutazungumza mengine. Yote hayo yalitoka kwenye televisheni. Baba mwenyewe alikuwa anakuja, ananawa mikono, anakaa mbele ya wali na mchuzi wa papa kama mtu aliyetoka kufua chuma.

"Haya, leo mmefika wapi?" Bibi humuuliza kila siku, akijua atajibiwa nini.

"Mama, hayo hayasemwi."

"Mimi nakuuliza kama wamekula. Sikukuuliza siri."

"Wamekula."

"Wazungu nao wamekula?"

"Nao wamekula. Meza mbali mbali."

"Yakhe! Chungu kimoja, meza mbili," Bibi akasema, akaniongezea mchuzi ambao sikuutaka. "Basi hao bado sana."

Siku moja tu neno lilimponyoka Baba. Alikuwa anachambua samaki, hakumtazama mtu, ni kama anamwambia samaki mwenyewe. Alisema wanauliziwa wale wenye majina tu. Anayetajwa hutafutwa. Asiyetajwa, upande wa pili wanasema hatumjui, na mazungumzo yanakwenda kwa mwengine. Mama akamtazama, na Baba akaomba ndimu. Mimi nilikuwepo. Nilisikia, na nilielewa vizuri kabisa kitu ambacho jina linaweza kufanya katika chumba kile.

Basi Jumatatu ile Abla Ilham alikalishwa sebuleni, kwenye kochi la kahawia lililo chini ya picha ya Bibi na dada zake wamevaa makanga. Alikuwa na abaya ya kila siku, na wino wa kijani wa ubao kwenye kidole cha shahada. Kabla ya kuja Maskat alifundisha miaka mingi huko ndani ya nchi, mji wa Adam, na Kiarabu chake kilikuwa kimeokota maneno ya kibedui ambayo sisi watoto wa mjini tulikuwa tunayaigiza nyuma ya mgongo wake. Kwetu kinywaji ni chai ya maziwa yenye tangawizi. Dalla, lile birika la kahawa la mdomo mrefu, hutoka kwa ajili ya wageni tu, na mmiminaji alikuwa mimi, mdogo wa nyumba. Unasimama, dalla mkono wa kushoto, vikombe visivyo mkono umevipandisha mkono wa kulia, unamimina kidogo, unangoja. Mgeni akitosheka anakitikisa kikombe. Kwa mtu mwenye haya ni kazi nzuri, maana una la kufanya na huna la kusema.

Aliwaeleza Bibi na Mama juu ya mwanawe. Anaitwa Hashim, alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi huko kwao. Alitoka kwenye maandamano akaingia duka la mkate, na kutoka duka la mkate hajaonekana. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyotufundishia chumvi na asidi. Mara moja tu ilipinda, aliposema kuwa mwuza mkate ameiweka ile mikate mpaka leo, anaogopa kuitupa. Bibi, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni na cha sala, alikuwa anampapasa goti na kusema "ya binti, ya binti."

Hapo Baba akaingia, katoka kazini, kanzu bado imenyooka. Akamsalimia kwa heshima zote, akakaa mbali kidogo. Nikamimina. Baba akapokea chake. Abla akapokea chake, akakiweka juu ya meza mbele yake, akaurudisha mkono mapajani.

"Abu Zuwena," akasema, "nimekuja nyumbani kwako."

Basi, hakusema zaidi. Mvuke wa kahawa ukapanda, ukapungua, ukaisha. Mama alikuwa anatazama zulia. Nilifikiri pengine iliki imezidi. Baba alikitazama kile kikombe muda mrefu kuliko anavyotazamwa mtu. Kisha akanigeukia na kutabasamu, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti nyepesi ya mtu anayezungumzia sukari: "Zuwena mamangu, mbadilishie mwalimu wako kikombe. Hicho kimepoa."

Nikambadilishia. Nilikiondoa kile kikombe mbele yake, nikakimwaga kwenye bakuli la masimbi ya kahawa, nikamimina chengine cha moto na nikampa mkononi, kwa mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa. Abla Ilham hakumtazama Baba. Alinitazama mimi. Sijui aliona nini. Nadhani aliona mtoto. Akakipokea, akakinywa chote kwa mara moja, na kilikuwa cha moto sana, niliona machozi yamemjaa na nikafikiri ni moto wa kahawa. Akakitikisa. Akashukuru. Akamwambia Mama kuwa mimi ni mwanafunzi mwenye adabu. Akaenda zake.

Nilikuwa kwenye sinki nikivisuuza vikombe nilipowasikia. Mlango wa jikoni kwetu haufungi vizuri.

"Kimepoa," Bibi alisema. "Ati kimepoa."

"Mama."

"Mimi mtu wa Ng'ambo, Unguja, nimekuja huku mtu mzima, mambo yao ya kahawa sikuzaliwa nayo. Lakini wewe nilikuleta unanyonya. Umekulia nao, umesoma nao, umeozesha nao na umezika nao. Utanambia hujui mtu anapokiweka kikombe chini?"

"Najua."

"Haya."

"Nifanye nini? Pale mdomo wangu si wangu, Mama. Mdomo wa watu wengine. Nikitia jina moja la kwangu, wakijua, kesho hawaliamini hata neno moja nililolitafsiri. Na wale waliokwisha kutajwa, je? Nao pia niwapoteze?"

Nilifungua maji kidogo zaidi ili wasijue kuwa nasikiliza.

"Mdomo si wako, sawa," Bibi akasema. "Na mkono wa mtoto? Wako?"

Mara ngapi nimeyarudia maneno ya Baba nikitafuta mahali alipokosea, na sikupata. Pengine alikuwa na haki. Kuna watu waliotoka kwa sababu wale wajumbe waliliamini kila neno lake. Ningelimchukia kwa hilo ingelikuwa rahisi. Ningekuwa na pa kuiweka ile hatia nikaondoka. Lakini alikuwa na haki, na bado alinituma mimi.

Maana ya kikombe niliijua wiki chache baadaye, kutoka kwa Shamsa, tuliyekaa naye dawati moja, ambaye kwao ni huko huko ndani. Nilimuuliza kwa kujizungusha, ati nimeona kwenye tamthilia. Akacheka. "Nyinyi watu wa Zanzibar bwana! Mnajua urojo tu." Akanieleza kuwa mtu mwenye shida kubwa hukiweka kikombe chake asinywe, na mwenye nyumba akikubali humwambia kunywa kahawa yako, haja yako imeshatimia, hata kabla ya kuijua hiyo haja. "Na akikataa?" nikauliza. Shamsa akaona ajabu. Hakuna anayekataa hivi hivi, akasema, ni aibu. "Labda waje wakiondoe kikombe kama hawakuona kitu. Lakini hilo nani atafanya?"

Nilirudi darasani na Abla Ilham akaniambia nimfutie ubao.

Hilo ndilo lililonishinda mwaka mzima: kwamba hakubadilika. Aliniita jina langu lile lile, alinisahihishia kwa wino ule ule wa kijani. Ningekuwa na ulimi ningemwambia abla, siku ile sikujua. Kila asubuhi nilitoka nyumbani nimelipanga hilo neno, na kila asubuhi lilikufa kwenye basi la skuli. Kisha mazungumzo ya Qurum yakamalizika. Walipoagana, kanali mmoja wa wale wanajeshi alimpa Baba kijisanduku cha udi kuwa ni shukrani. Baba alituambia mwenyewe, kwa uchovu, kuwa yule mtu alikuwa mpole sana, aliulizia duka la halua ili ampelekee mama yake. Bibi alikataa ule udi usiwashwe chumbani kwake. Lakini siku ya Idi Mama aliufukizia nguo zetu, na harufu ikakaa siku nyingi, na skuli zilipofunguliwa Abla Ilham aliinama kwenye dawati langu kutazama hesabu zangu, akavuta pumzi, akasema, "Mashallah, Zuwena. Udi mzuri." Nilikwenda chooni nikaukosha mtandio kwa sabuni ya mikono. Nakumbuka nilivyousugua, na nakumbuka pia kuwa nilikuwa nimeufurahia udi ule.

Wafungwa walionyeshwa kwenye televisheni wakitoka nje ya lango, mmoja mmoja, wakikinga macho na jua. Majina yalikuwa yanapita chini ya picha. Tulikuwa tunakula. Hakuna aliyeshika kijiko mpaka majina yalipokwisha, hata Baba, na hakuna aliyesema tulikuwa tunalitafuta la nani. Hashim hakuwemo. Kesho yake Abla Ilham alikuja kazini, wanja umepakwa upya, akatufundisha somo zima bila ya kutugeuzia uso, anaandika tu. Nilipochagua masomo ya darasa la kumi na mbili niliiacha kemia. Nilikuwa nataka kusomea famasia tangu mdogo. Nilimwambia Mama kuwa imenishinda. Mwisho wa mwaka Abla hakupata mkataba mpya akahamia Ruwi, kufundisha watoto wa watu majumbani, na mimi nilipumua. Najionea haya kuliandika hilo, lakini nilipumua.

Siku ya tatu ya matanga ya Bibi sebule ilijaa wanawake mpaka koridoni. Nilikuwa na dalla ile ile. Hakuna aliye mdogo kuliko mimi hata sasa. Alipoingia nilimjua kwa mwendo, maana uso ulikuwa umekonda na miwani ilikuwa mipya. Alimpa Mama pole, akakaa karibu na mlango, pale wanapokaa wasiotaka kumsumbua mtu. Nikafika kwake na vikombe. Nikamimina. Akapokea.

Akakiweka sakafuni mbele yake, akaurudisha mkono mapajani.

Shangazi yangu, aliyekuwa pembeni yake, hakuona kitu. Mama aliona. Alinitazama kutoka ule upande wa pili wa chumba, juu ya mitandio yote ile, na macho yake yalikuwa yananiambia jambo ambalo sikutaka kulisoma. Nilikuwa na dalla mkononi, kahawa ya moto, na vikombe vitupu. Mikono yangu ilikuwa inaijua njia ya zamani, ingetosha kuinama nikakiondoa. Badala yake nilisema, kwa Kiarabu, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia: "Kunywa kahawa yako, Abla. Haja yako imeshatimia."

"Makubwa!" Shangazi akasema kwa Kiswahili, na machozi yake ya msiba yakachanganyika na kicheko. "Zuwena kapata ulimi! Bibi yake kamwachia wake."

Abla Ilham akanywa.

Haja yake alinieleza koridoni, nyuma ya lile pazia langu. Sasa nchi za nje zinabana tena, safari hii kuna kamati inayokusanya habari za waliopotea, mmoja mmoja. Na wanajeshi wana jibu moja kwa kila asiyeonekana: huyu aliondoka nchini mwenyewe kwa hiari yake, na dalili ni kuwa hata mamake hakumuulizia. Kamati inataka mtu asimame aseme kuwa alimuulizia, na lini, na kwa nani. "Nilikwenda kwa watu wengi mwaka ule," akasema. "Nimewarudia wote. Kila mmoja ananambia hakumbuki nilikuja." Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Wewe unakumbuka, Zuwena?"

"Nakumbuka."

"Watakuuliza kila kitu. Na nani alikuwa chumbani."

Hapo ndipo nilipojua nimeahidi nini. Mkalimani akitajwa jina nje ya chumba, hicho chumba haingii tena. Baba hana kazi nyengine anayoijua.

Watu walipotawanyika nilimkuta anakunja mikeka uani, peke yake, ameikunja mikono ya kanzu. Nikamshikia upande wa pili. Tulikunja miwili.

"Nimemwambia Abla Ilham haja yake imeshatimia," nikasema.

"Haja gani?"

"Niseme kuwa alikuja. Siku ile."

Akauweka mkeka chini. "Ulimwambia kabla hujaijua?"

"Ndiyo."

"Ndivyo inavyofanywa," Baba akasema. Akakaa juu ya mkeka kama mgeni katika nyumba yake. "Hata mimi najua kuwa ndivyo inavyofanywa." Akaongeza, bila ya kuniangalia: "Wakikuuliza, usiongeze neno."

"Nisipunguze?"

"Na usipunguze."

Asubuhi yake nilivaa abaya nyeusi ya msiba na kwenda kungoja teksi. Baba alikuwa yumo ndani ya gari tayari, injini inaunguruma. Akanipeleka mpaka Ruwi. Aliegesha chini ya fleti ya Abla, mbele ya fundi wa simu, akasema atangoja, akaelekeza hewa ya baridi usoni mwake na kufumba macho. Nikapanda ngazi. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, kompyuta iliyofunguliwa, na picha ya kijana mwenye masikio makubwa. Abla alinimiminia kahawa na nikaiweka mezani bila ya kukusudia, na sote wawili tukaitazama, kisha nikaichukua haraka nikainywa. Kwenye kompyuta wanawake wawili wa kamati walinisalimia, mmoja kwa Kiarabu cha vitabuni. Wakaniuliza jina, siku, saa. Nikawaambia ilikuwa Jumatatu, saa kumi na robo. Wakaniuliza alisema nini, alikaa wapi, alivaa nini. Nikajibu, na sauti yangu haikukatika, nikajistaajabia. Kisha Abla Ilham, aliyekuwa amekaa nyuma ya kompyuta wasipomuona, akaomba kuuliza yeye.

"Siku ile," akanambia, "kabla hujaniondolea kikombe, baba yako alikwambia neno kwa lugha yenu. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kuwa ulikiondoa mwenyewe, kwa utoto. Alikwambia nini?"

Dirishani niliweza kuona paa la gari yetu. Nilisema kwanza kwa Kiswahili, kama alivyosema yeye, na tabasamu lake ndani ya maneno. Kisha nikawatafsiria kwa Kiarabu, polepole, sikuongeza neno wala sikupunguza.